Maktaba tatu za bure za karatasi za ukombozi wa wanawake Marekani: ipi inafaa kwa kazi gani, na wapinzani wao wamewekwa wapi

Mwaka 1968 kikundi cha New York Radical Women kilitoa kijitabu cha kudurufu, Notes from the First Year, kikakipangia bei mbili: mwanamke senti 50, mwanamume dola 1. Makala za namna hiyo zikichapwa upya kwenye kitabu cha chuo, bei huwa ya kwanza kuondolewa, na pamoja nayo huondoka habari ya nani alilengwa na kwa ukali gani. Ndiyo maana mtu anayesoma harakati hizi kwa makini anaitafuta karatasi yenyewe: kipeperushi, bango, stika, jarida la kurasa nne, kitu kilichochapwa kitumike leo na kitupwe kesho.

Huduma tatu zinapitiwa hapa: Independent Voices iliyo ndani ya JSTOR (hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma), mkusanyo wa harakati za ukombozi wa wanawake wa maktaba za Chuo Kikuu cha Duke, na Maktaba ya Bunge la Marekani. Zote ni za bure, hazikudai kitambulisho cha mwanafunzi, na zinafunguka hata kwenye simu. Kwa mwenye haraka: magazeti yako Independent Voices, ilani na makala za kudurufu ziko Duke, na mabango na mafaili makubwa ya kuchapa yako Maktaba ya Bunge. Ukitaka upande wa waliopinga, hakuna hata moja inayojitosheleza, na hiyo ndiyo kasoro yao kubwa kuliko zote. Tutaifikia.

Independent Voices

Mkusanyo huu uliandaliwa na Reveal Digital kwa fedha zilizochangwa na maktaba za vyuo. Zamani ulikuwa na tovuti yake, siku hizi unakaa JSTOR. Wasomaji wengi wa kwetu wanaijua JSTOR kwa ule mlango wake wa kulipia, wakiona jina tu wanafunga ukurasa. Huu usiufunge, maana ni mkusanyo wa wazi.

Ndani yake kuna magazeti yaliyotoka nje ya mkondo mkuu katika nusu ya pili ya karne ya 20: ya wanawake, ya wanajeshi waliopinga vita vya Vietnam, ya wanafunzi, ya Wamarekani weusi, ya Wahindi Wekundu, ya mashoga na wasagaji, na pia ya mrengo mkali wa kulia. Kwa upande wa wanawake utakuta It Ain't Me Babe la Berkeley, lililoanza 1970, na Big Mama Rag la Denver, lililoanza 1972 na kuishi hadi 1984. Ukipitia hayo mawili tu unapata picha ya jinsi lugha, michoro na hata mpangilio wa ukurasa ulivyobadilika kutoka miezi ya mwanzo yenye hasira hadi miaka ya kujenga vituo, zahanati na maduka ya vitabu.

Ushauri wa kwanza kwa mtumiaji mpya: usianze na ukurasa wa mbele. Anza na kurasa za mwisho. Huko ndiko kuna matangazo madogo, orodha za vijitabu vya kuagiza kwa posta, bei za mabango, ratiba za mikutano, maombi ya mashine ya kudurufu iliyotumika. Tahariri inakueleza walichokiamini. Kurasa za mwisho zinakueleza nani alikuwa na karatasi, nani alikuwa na wino, na nani alikuwa na ghorofa ya chini ya kukutania. Kipeperushi kilichopotea chenyewe mara nyingi kimebaki humo kama tangazo la sentimita tano.

Ushauri wa pili ni kuhusu utafutaji, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bure. Maandishi ya kurasa hizi yamesomwa na kompyuta, na kompyuta hukosea kwa sababu zinazoeleweka: vichwa vya habari vimeandikwa kwa mkono, safu zimepinda, herufi zimechapwa juu ya mchoro, na neno lililokatwa mwisho wa mstari linahesabiwa kuwa vipande viwili. Kwa hiyo ukiandika "women's liberation" ukapata matokeo machache, usihitimishe kwamba hakuna. Jaribu "female liberation", ambalo vikundi kadhaa vya 1968 na 1969 vililitumia. Jaribu "womin", "wimmin" na "womyn", tahajia zilizotumika kukwepa neno "man". Jaribu "Amerika" kwa k badala ya c, tahajia ya kejeli kwa Kiingereza. Jaribu jina la mtaa au la mji badala ya mada, maana anwani huchapwa kwa taipureta safi chini ya ukurasa na kompyuta huisoma vizuri kuliko kichwa cha habari. Utafutaji ukigoma kabisa, chagua toleo moja na ulipitie ukurasa kwa ukurasa. Magazeti haya si manene.

Bando: kurasa zilizopigwa picha ni nzito kuliko maandishi ya kawaida. Pakua toleo lote mara moja kama PDF ukiwa kwenye waifai, kisha usome bila mtandao. Kuliperuzi ukurasa kwa ukurasa kwenye simu kutakugharimu zaidi, na ukirudi nyuma simu inaupakia tena.

Kuna sababu nyingine ya kupakua. Maktaba ya Uingereza iliweka mtandaoni mwaka 2015 jarida zima la Spare Rib la London, lililotoka 1972 hadi 1993. Mwaka 2021 likaondolewa. Kuliweka kulitegemea kifungu cha sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu kazi ambazo wenye hakimiliki hawapatikani, na Uingereza ilipotoka kwenye Umoja huo kifungu kikakatika. Hakuna aliyekosea kiufundi, hakuna seva iliyoharibika. Kitu kilikuwepo, kesho yake hakipo, na aliyekuwa hana nakala akabaki na viungo vilivyokufa.

Duke

Mkusanyo wa Duke ni mdogo na umechujwa. Ulianza miaka ya 1990, wakati kuweka hati mtandaoni kulikuwa jambo la ajabu, na umejikita katika mizizi ya siasa kali ya harakati hizi, mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Huu ndio mlango ninaompendekezea mwalimu au mwanafunzi, kwa sababu kila hati inajitegemea na inasomeka kwa kikao kimoja.

Humo mna The Woman-Identified Woman, ile ilani ya Radicalesbians iliyogawiwa New York tarehe 1 Mei 1970 kwenye kongamano la pili la kuunganisha wanawake, walipovamia ukumbi kulalamika kwamba wasagaji wametengwa na harakati. Humo mna Black Women's Manifesto ya Third World Women's Alliance, yenye makala ya Frances Beal kuhusu mzigo maradufu wa kuwa mweusi na mwanamke. Msomaji anayedhani harakati hizi zilikuwa za wanawake weupe wa tabaka la kati peke yao aanze na hiyo. Na humo mna The BITCH Manifesto iliyotiwa sahihi kwa jina Joreen, yaani Jo Freeman wa Chicago, ambaye mwaka 1968 ndiye aliyeanzisha jarida la kwanza la taifa la harakati hizi.

Usomaji mzuri wa hati za Duke unataka kujua zilichapwaje, kwa sababu njia ya uchapaji inakuambia nakala zilikuwa ngapi na zilikusudiwa kufika wapi. Njia ziko tatu hasa.

Kudurufu kwa stensili. Mwalimu yeyote aliyechapa mitihani kwa Gestetner kabla ya kompyuta ataitambua mara moja. Stensili ina nta. Unaitia kwenye taipureta, unaondoa utepe wa wino ili chuma kigonge nta moja kwa moja, na wino wa mashine hupita pale nta ilipokatwa. Sasa vuta picha kubwa uangalie herufi za mviringo, o, e, d. Zikigongwa kwa nguvu kiini chake hudondoka, na herufi inachapwa kama doa jeusi lililojaa. Angalia pia ukingo wa herufi: umevimba kidogo, maana karatasi ya kudurufia hunyonya wino. Mistari iliyosahihishwa inaonekana imepauka au imekolea kuliko jirani zake, kwa sababu mchapaji aliziba kosa kwa rangi ya kusahihishia akagonga tena juu yake. Stensili moja iliyotunzwa ilitoa nakala mamia, hata maelfu.

Ya pili ni ile ya spiriti, yenye maandishi ya zambarau. Nakala zake ni chache, makumi au mamia machache, halafu rangi inakwisha. Ukikuta hati ya zambarau, jua ilikuwa ya kikundi kimoja au mtaa mmoja. Rangi hiyo hufifia vibaya kwenye mwanga, kwa hiyo hati nyingi za namna hii zimepotea zikiwa bado zipo: karatasi ipo, maneno yamekwenda.

Ya tatu ni ofseti. Herufi ni kali, picha zimevunjwa kuwa nukta, pande zote mbili zimechapwa sawasawa. Hapa kuna mtambo, kuna fedha au mchapaji rafiki. KNOW, Inc. ya Pittsburgh, iliyoanzishwa 1969 na wanachama wa NOW (shirika la taifa la wanawake), ilichapa upya makala za harakati na kuziuza kwa bei ya chini, ikijinadi kwa msemo kwamba uhuru wa uchapaji ni wa mwenye mtambo. New England Free Press ya Boston ilifanya kazi kama hiyo. Ndiyo iliyochapa mwaka 1970 Women and Their Bodies, kitabu cha afya cha kurasa 193 kwa senti 75, ambacho baadaye kikawa Our Bodies, Ourselves. Kilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, na karatasi ya gazeti ina tindikali: inakuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha inakatika kwenye mikunjo. Ukiona picha ya ukurasa umekuwa rangi ya chai, hiyo si rangi waliyoichagua.

Ninachowalaumu Duke ni uchache. Mkusanyo unaonyesha uteuzi wa ajenda, na uteuzi huo umeegemea hoja na nadharia. Vikaratasi vya kijinga, vya mzaha, vya kutangaza uuzaji wa keki kuchangia dhamana ya mtu aliyekamatwa, hivyo ni haba. Kwa hiyo mgeni anaweza kuondoka akidhani wanawake hawa waliandika ilani asubuhi hadi jioni.

Maktaba ya Bunge la Marekani

Hapa ukubwa wa faili ndio raha yenyewe. Kitengo cha machapisho na picha kinakupa, kwa vitu visivyo na kizuizi, JPEG ndogo, JPEG ya wastani na TIFF. TIFF ya bango inaweza kupita MB 50. Usiibonyeze kwa bando la siku. Kwa kusoma kwenye skrini JPEG ya wastani inatosha. TIFF ni ya kuchapa au ya kukagua nukta za wino.

Mabango ya harakati mengi yamo kwenye mkusanyo wa Yanker, zaidi ya mabango 3,000 ya propaganda za kisiasa yaliyotolewa na mkusanyaji Gary Yanker. Namba zake za rafu huanza na POS 6. Hapo ndipo mtego ulipo: bango lenye hakimiliki inayoweza kudaiwa huonyeshwa nje ya majengo ya maktaba kwa picha ndogo tu, ya ukubwa wa stempu. Watu hudhani mtandao wao ni mbovu, wanabonyeza tena na tena. Mtandao ni mzima. Soma mstari wa haki kabla ya kubonyeza. Ukisema hakuna kizuizi kinachojulikana cha kuchapisha, faili kubwa lipo. Ukisema hali ya haki haijatathminiwa au kuna kizuizi, ridhika na stempu, nukuu namba ya rafu, kisha tafuta bango hilohilo kwenye makumbusho nyingine.

Mabango ya Chicago Women's Graphics Collective, kikundi kilichofanya kazi kuanzia 1970, yanafaa kutafutwa namna hiyo. Yalianza kwa skrini, rangi moja baada ya nyingine, na kazi haikutiwa sahihi ya msanii mmoja kwa sababu ilihesabiwa kuwa ya kikundi. Kwa hiyo ukitafuta kwa jina la mchoraji hupati kitu. Tafuta kwa jina la kikundi, au kwa maneno yaliyo juu ya bango.

Kwa enzi ya kudai kura, Maktaba ya Bunge haina mpinzani. Mama na binti, Elizabeth Smith Miller na Anne Fitzhugh Miller wa Geneva, New York, walibandika kwenye madaftari saba kila walichokipata kati ya 1897 na 1911: programu za mikutano, vikaratasi, kadi, vipande vya magazeti, mialiko. Madaftari yote yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kilichobandikwa kando ya kingine ni ushahidi wenyewe, maana unaona kipi kilifika nyumbani kwao wiki moja na kipi.

Na wapinzani?

Hapa ndipo huduma zote tatu zinapochechemea, kila moja kwa mguu wake.

Duke haikukusudia kuwaonyesha. Independent Voices inao mrengo mkali wa kulia, na mtu anaweza kudhani suala limeisha. Halijaisha. Waliolishinda pendekezo la Marekebisho ya Haki Sawa kwenye katiba ya Marekani, maarufu kwa herufi ERA, hawakuwa wahariri wa magazeti ya siasa kali. Walikuwa kina mama wa nyumbani wenye orodha ya anwani, stempu na jiko. Jarida lao kuu, The Phyllis Schlafly Report la kiongozi wao Phyllis Schlafly, lilitoka Alton, Illinois, tangu 1967. Toleo la Februari 1972 ndilo lililofungua mapambano: lilidai kwamba haki sawa zingemvua mwanamke stahili alizokuwa nazo, kuanzia kutunzwa na mume hadi kutoandikishwa jeshini. Bunge lilipitisha ERA tarehe 22 Machi 1972. Kampeni ya STOP ERA ikafuata mwaka huohuo, na pendekezo likafa tarehe 30 Juni 1982 likiwa limeidhinishwa na majimbo 35 kati ya 38 yaliyohitajika.

Karatasi za kampeni hiyo zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana kama kazi ya uchapaji ni hodari. Alama yao ilikuwa pembe nane nyekundu ya barabarani. Mtu hahitaji kusoma. Mguu wake tayari unatafuta breki. Huko Illinois wanawake wa STOP ERA waliwapelekea wabunge mikate na jemu za kutengeneza nyumbani, zikiwa na vikaratasi vya kusema zimetoka kwa wapika mkate kwenda kwa watafuta mkate. Huko Texas, Lottie Beth Hobbs wa Fort Worth alisambaza kipeperushi kilichojulikana kwa rangi yake ya waridi tu, nacho kikasafiri jimbo hadi jimbo. Wanaharakati wa ERA walikuwa na beji za kijani zenye neno la kukubali. Upande mmoja ulikuwa unamwomba msomaji aelewe kifungu cha katiba, upande wa pili ulimpa mkate. Kama unataka kujua kwa nini majimbo 30 yaliidhinisha haraka hadi 1973 kisha mengine yakatoka kwa tone, weka karatasi za pande mbili mezani kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kuziweka mezani. Nyaraka za NOW ziko maktaba ya Schlesinger, Harvard. Za Schlafly zimetunzwa na jumuiya yake mwenyewe huko St. Louis. Kila upande umelala nyumbani kwake, na injini ya utafutaji ya nyumba moja haioni nyumba ya pili. Hifadhi za kulipia zinazouzwa kwa vyuo huziba pengo kidogo, lakini bila chuo kilichojiunga mlango haufunguki, na vyuo vyetu vingi havijajiunga.

Njia ya kuzunguka ipo. Kwanza, tafuta kwa maneno ya wapinzani wenyewe. Ukitafuta "anti-feminist" unapata wanachosemwa. Ukitafuta "STOP ERA", "Eagle Forum" (shirika la Schlafly) au "women's libbers" unapata walichosema. Pili, tafuta vipeperushi vyao ndani ya magazeti ya mahasimu wao, kwa kuwa magazeti ya wanawake yalipenda kuchapa upya karatasi ya adui ili kuijibu. Tatu, rudi nyuma hadi enzi ya kura, ambako Maktaba ya Bunge ina nyaraka za pande zote. Jumuiya ya taifa ya kupinga kura za wanawake, iliyoundwa New York mwaka 1911 chini ya Josephine Dodge, ilitoa kikaratasi cha vidokezo vya usafi wa nyumbani kilichosema huhitaji karatasi ya kura kusafisha bomba la sinki, potashi na maji ya moto vinatosha. Mwanamke aliyekitunza jikoni kwa ajili ya vidokezo alitunza na hoja. Miaka sitini baadaye mkate wa Illinois ulifanya kazi ileile.

Angalizo moja kuhusu rangi. Nakala iliyopitia mikrofilamu ni nyeusi na nyeupe. Kipeperushi cha waridi kinakuwa cha kijivu, pembe nane nyekundu inakuwa nyeusi, na beji ya kijani huwezi kuitofautisha na ya samawati. Kwa karatasi ambazo rangi ndiyo hoja, nakala ya namna hiyo ni nusu ya kitu. Maelezo ya kitu kwenye katalogi huenda yakataja rangi ya karatasi. Yasome kabla ya kumwonyesha mtu picha.

Kupanga tarehe

Karatasi nyingi hazina mwaka. Za ERA zina saa yake ya ndani. Kipeperushi kinachosema yamebaki majimbo matano ni cha 1974 au mwanzo kabisa wa 1975. Manne: Februari 1975 hadi Januari 1977. Matatu: baada ya Indiana kuidhinisha Januari 1977, hadi mwisho. Kikitaja kuongezwa muda, kumbuka kikomo cha kwanza kilikuwa 1979.

Kwa nyingine, angalia anwani. Namba za posta za tarakimu tano Marekani zilianza Julai 1963, hivyo kikaratasi chenye namba hiyo hakiwezi kuwa cha kabla. Kadi ya posta ya Marekani yenye mgongo uliogawanywa kwa mstari, upande wa ujumbe na upande wa anwani, ni ya Machi 1907 au baadaye. Angalia pia pembeni chini kama kuna kialama kidogo cha chama cha wachapaji, chenye namba ya kiwanda, au maneno ya kusema kazi ilijitolewa bila malipo. Hicho kialama kinakuambia kilichopitia mtambo wa kulipwa na kilichopitia mikono ya marafiki.

Kuchapa nakala steshenari

Karatasi za Marekani si A4. Ya kawaida ni milimita 216 kwa 279, na ile ndefu ya kisheria ni 216 kwa 356. Ukimwambia kijana wa steshenari achape tu, mashine itabana ndefu hadi asilimia 83 ili iingie A4, na herufi za taipureta zitakuwa ndogo kuliko zilivyokuwa. Kama unataka ukubwa halisi, chapa kwenye A3 kwa asilimia 100, kisha kata. Ukurasa wa gazeti wa milimita 279 kwa 432 unaingia A3 kwa asilimia 97, tofauti isiyoonekana.

Kabla ya kulipia, hesabu pikseli. Karatasi ya kawaida inataka takriban 2,550 kwa 3,300 ili iwe kali. Ikiwa chini ya nusu ya hapo kila upande, maandishi yatakuwa na ukungu hata kwenye mashine nzuri, na hakuna programu itakayorudisha kilichokosekana. Karatasi ya gramu 80 inafaa kwa vipeperushi, 160 kwa mabango. Usiweke laminesheni: mng'ao unaua sura ya karatasi ya kudurufu, na darasani taa inajirudi juu yake.

Kuhusu haki: kitu kilichochapishwa Marekani kabla ya 1978 bila alama ya hakimiliki kwa kawaida ni mali ya umma huko, na vipeperushi vingi vya harakati havikuwa nayo, vingine vilimwomba msomaji achape upya. Kuanzia 1978 hadi Februari 1989 mambo yana masharti, maana mwenye kazi aliweza kurekebisha kosa kwa kuisajili. Kuanzia Machi 1989 kukosekana kwa alama hakumaanishi chochote. Kwa matumizi ya darasani huna haja ya kuhangaika sana. Kwa kitabu cha kuuza, hangaika.

Kinachokosekana kabisa

Usitafute humu wanawake wa kwetu. Jukwaa la asasi lililofanyika Chuo Kikuu cha Nairobi Julai 1985, sambamba na mkutano wa Umoja wa Mataifa, lilimwaga vipeperushi vya kila bara, lakini hizi ni hifadhi za Marekani na zimeelekezwa Marekani. Wala usitafute humo Sauti ya Siti, jarida la TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania. Kwa hayo utahitaji maktaba za hapa na maofisa wenye subira, na hiyo ni huduma ya kupitiwa siku nyingine.

Ukitamani karatasi halisi

Redstockings, kikundi kilichoanza 1969, kina hifadhi yake inayouza nakala za hati za mwanzo za harakati. Hizo zinauzwa wazi kama nakala, na fedha inarudi kwenye hifadhi. Soko la mtandaoni la vitu vya zamani ni jambo jingine. Kitu kinachouzwa zaidi kwa jina la harakati hizi ni lile bango la mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani anayekunja mkono. J. Howard Miller alilichora kwa ajili ya viwanda vya Westinghouse, likabandikwa humo wiki mbili mwaka 1943, na umaarufu wake ulikuja miaka ya 1980. Halikubandikwa na harakati yoyote ya 1970. Muuzaji anayeliita bango la asili la ukombozi wa wanawake ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana.

Vilevile jihadhari na kikaratasi chochote kinachodaiwa kutangaza uchomaji wa sidiria kwenye mashindano ya Miss America, Atlantic City, Septemba 1968. Kipeperushi halisi cha maandamano hayo kina hoja kumi, na kinataja pipa la taka la uhuru ambamo zingetupwa sidiria, mikanda ya kubana tumbo, rola za nywele, kope bandia, mawigi na magazeti ya wanawake. Kutupwa, si kuchomwa.

Kwa kitu kingine chochote, mwombe muuzaji picha mbili kabla ya fedha: ya mgongo wa karatasi, na ya herufi chache kwa karibu sana. Kudurufu halisi mara nyingi huacha kivuli cha wino upande wa pili, na pini ya zamani ina kutu iliyotafuna karatasi kuizunguka. Nakala ya kisasa mara nyingi ina vinukta vya rangi nne hata kwenye herufi nyeusi. Akikataa kutuma picha hizo, rudi Maktaba ya Bunge, pakua TIFF, na uichape A3.